Saa ya Windows 7 kurudi nyuma masaa matatu: nilivyorekebisha

Kompyuta yetu ya nyumbani ina mifumo endeshi miwili pamoja, Windows 7 na Linux Mint, sasa kila nikitoka Mint nikiwasha Windows nakuta saa imerudi nyuma masaa matatu kamili, saa nane mchana inasoma saa tano, nikabadilisha mpaka betri ya ubao mama na wala haikuwa betri.

Kumbe Linux inaandika saa ya ubao mama kwa UTC (saa ya kimataifa), Windows inaisoma kama saa ya hapa, na Afrika Mashariki tuko UTC+3, ndo hayo matatu! Nikafungua teminali ya Mint (dirisha la kuandikia amri), nikahakikisha saa iko sawa, nikaandika amri ya kuiambia Linux nayo itumie saa ya hapa kwenye ubao:

sudo timedatectl set-local-rtc 1

Nikazima nikawasha Windows, saa imetulia, mwezi wa pili huu.