Siyo kila kichungu ni mjonso

Wiki iliyopita nimeaibika mbele ya bibi, acha niandike huku nipunguze machungu. Bibi ni Mtongwe wa kule kusini upande wa Mahale, sikuizi tunakaa naye hapa Kigoma mjini, akanituma nikamkatie mjonso, kile kichaka kichungu cha dawa (majirani zangu Warundi wanaita umubirizi). Mi nikaona kazi ndogo hiyo, nikapanda vichakani juu ya nyumba nikatafuna jani moja, chungu balaa, nikakata mzigo mzima. Nafika naweka chini, bibi wala hakuonja. Akageuza jani, akapitisha kidole pembeni taratibu, akasema "mjukuu wangu, huyu ni ndugu yake." Basi. Mzigo tukawapa mbuzi, na mbuzi nao wakagoma.

Sasa mi ni mbishi, nikarudi kule na simu pamoja na kalenzi kangu ka kukuzia ka tangu chuo.

Hii mimea yote ni jamii ya alizeti, yaani unachokiita ua siyo ua moja, ni vijiua vingi vimebanana kwenye kikapu kimoja. Alizeti pori ile ya njano iliyojaa pembeni ya barabara (Tithonia diversifolia, mgeni huyo, katokea Mexico na Amerika ya Kati) nayo chungu, ila jani lake limegawanyika kama vidole na ikichanua ina petali ndefu za njano kuzunguka. Mjonso na ndugu zake hawana petali hizo, ni vibomba vitupu. Ukikuta kule ufukweni kichaka chenye shina lililoota kama mabawa pembeni, hiyo ni Pluchea ovalis, ipite tu.

Kazi ipo kwa hawa wawili: mjonso wenyewe, Vernonia amygdalina, na Vernonia colorata niliyobeba mimi. Vitabu vya sikuizi vimewahamishia wote kwenye jina la Gymnanthemum lakini ugomvi wao ni ule ule. Rangi ya ua haikusaidii, wote weupe wenye kazambarau kwa mbali. Jani la mjonso ni jembamba, refu, na pembeni lina vimeno vidogo, ndo vile bibi alikuwa anavitafuta kwa kidole. La mwenzake pana zaidi, ukingo laini au wenye mawimbi. Shida majani yanadanganya, tawi lililochipua baada ya kukatwa linatoa majani ya ajabu ajabu hata bibi anakubali hilo. Kwa hiyo nenda kwenye mbegu. Chukua kikapu kilichokauka, kisugue kiganjani, puliza lile sufi, weka lenzi. Mbegu ya mjonso mwili wake una vinywele vifupi, ya colorata haina kinywele hata kimoja. Nimekaa juu ya jiwe karibu nusu saa upepo wa ziwa unanipeperushia mbegu, nyingine puani, lakini nikiviona vile vinywele nikacheka peke yangu kama chizi.

Na kwa nini nahangaika hivi? Kwa sababu kuna watu wanapiga picha kichaka chochote kichungu, hata alizeti pori, wanaandika "dawa ya sokwe". Ile habari ya sokwe ni ya kweli, Novemba 1987 kule Mahale mtafiti Michael Huffman na mwenzake Mohamedi Seifu Kalunde walimfuatilia sokwe jike mgonjwa anaitwa Chausiku, akavunja tawi, akaondoa majani na gamba, akatafuna ule moyo wa ndani akafyonza maji yake, na kesho yake alikuwa na nguvu. Mjonso ule aliutambua Kalunde, Mtongwe, siyo mgeni. Na mti ulikuwa amygdalina, hata kemikali zilizopimwa baadaye maabara zilitoka kwenye mti huo huo. Tena sokwe majani na gamba aliyatupa, nyie mnachemsha vyote pamoja na mnaowaiga hawafanyi hivyo!

Jumapili nikampelekea bibi tawi sahihi, na mbegu nimeshaiweka tayari chini ya lenzi. Akachungulia jicho moja, kimyaa, akasema "manyoya nayaona." Halafu akanirudishia lenzi yangu. "Ila umechelewa, nishaletewa na mtoto wa jirani."

Huyo mtoto ana miaka tisa.