Nilivyoujua mpira wa Marekani katika msimu wa kwanza wa Cignetti pale Indiana

Mtu aliyekulia kwenye soka letu akifika Bloomington, Indiana, mpira wa Marekani humchosha haraka. Watu 22 wanavaana kwa sekunde chache, filimbi inalia, wanasimama, wanapanga upya, matangazo yanapita, wanavaana tena. Mimi nilikaa mji huu na uwanja uko karibu, nikawa nasikia kelele za Jumamosi bila haja ya kujua nani kashinda. Mwaka 2024 ndio nilioupenda mchezo huu na kuuelewa, na sababu ni kocha mmoja, Curt Cignetti. Waswahili wenzangu wanaosoma vyuo vya huku huniuliza nilianzia wapi. Nilianzia hapa.

Kwanza hali ilivyokuwa. Chuo Kikuu cha Indiana kina jina kwenye mpira wa kikapu. Timu yake ya mpira wa Marekani, Hoosiers, ilianza mwaka 1887, na katika muda wote huo haikuwahi kushinda mechi 10 ndani ya msimu mmoja. Ubingwa wa ligi ya Big Ten ilikuwa imeuchukua mara mbili tu, 1945 na 1967. Mwaka 2021 ilishinda mechi 2, mwaka uliofuata 4, na 2023 ikashinda 3 kati ya 12. Kibarua cha kocha kikaota nyasi. Mwishoni mwa Novemba 2023 akatangazwa Cignetti, mzee wa miaka 62, akitokea James Madison, chuo cha Virginia ambacho hakikuwa na uzito wowote midomoni mwa watu wa hapa.

Historia yake niliipenda nilipoisoma. Alikuwa msaidizi wa Nick Saban, kocha mwenye jina kubwa, kule Chuo Kikuu cha Alabama, kazi ambayo wengi hawaiachi mpaka waitwe mahali pakubwa zaidi. Yeye mwaka 2011 aliiacha akaenda kuwa kocha mkuu wa chuo kidogo cha Indiana University of Pennsylvania (si hiki cha hapa, Indiana hiyo ni mji wa Pennsylvania), ambako baba yake, Frank Cignetti, alifundisha kabla yake. Kutoka hapo akaenda chuo cha Elon, kisha James Madison, na kote huko hakumaliza msimu hata mmoja akiwa amefungwa zaidi ya alivyoshinda. Ndiyo maana waandishi walipomuuliza Desemba ile anawashawishije wachezaji waje Indiana, aliwajibu kwa ufupi kwamba yeye anashinda, wakamtafute Google.

Watu walishika maneno hayo. Mimi nilishika usajili wake. Siku hizi mchezaji wa chuo huku anaweza kuhama chuo na kucheza msimu unaofuata bila kukaa benchi mwaka mzima kama zamani, kwa hiyo lipo dirisha la uhamisho kama letu. Cignetti alilitumia kuja na wachezaji 13 kutoka James Madison, na benchi la ufundi pia: Bryant Haines wa ulinzi na Mike Shanahan wa mashambulizi wote aliwatoa kule. Kwetu nimezoea kuona kocha mpya anakabidhiwa kikosi kilichosajiliwa na viongozi, akifungwa mechi tatu anafungashiwa virago. Huyu alifika na watu ambao tayari walijua anataka nini, wakawafundisha wenzao.

Kaka mmoja wa Nakuru anayesoma hapa ndiye aliyenipa njia. Tulikuwa tunaangalia mechi ya ufunguzi dhidi ya FIU, chuo cha Florida, tumeshinda 31-7 lakini mimi bado macho yananihangaika. Akaniambia, "Ndugu yangu, ukiufuata ule mpira utachoka bure. Chagua mtu mmoja, mwangalie yeye tu." Nikaamua nitawafuata wale wa James Madison, mmoja mmoja, robo kwa robo.

Nilianza na Aiden Fisher, jezi namba 4, aliyekuwa anasimama katikati ya ulinzi nyuma ya wale majitu wa mbele. Kabla mpira haujaanza kuchezwa ulikuwa unamwona anazungumza. Ananyoosha kidole kwa mpinzani aliyesogea, anamgusa mwenzake mgongoni ahamie kushoto, anapiga hatua mbili mbele, anarudi. Sekunde zile ambazo mwanzo niliziona za kupoteza muda, kumbe ndizo pambano lenyewe. Upande mmoja unaficha unachotaka kufanya, upande wa pili unakisia. Mpira ukianza, jibu linapatikana ndani ya sekunde tano. Baada ya kumfuata Fisher mechi nzima sikuona tena kwamba mchezo unasimama-simama.

Kanuni iliyobaki ni nyepesi kuliko inavyotisha. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikizipata, inahesabiwa majaribio mapya. Pembeni ya uwanja wapo watu wameshika nguzo mbili za rangi ya chungwa zilizounganishwa kwa mnyororo wa yadi 10 kamili. Ukizitazama nguzo zile utajua siku zote zimebaki yadi ngapi. Kufika na mpira mwisho wa uwanja ni pointi 6 na nafasi ya kuongeza moja kwa teke; ukiona huwezi kufika, unapiga teke kati ya milingoti upate 3. Kama muda wako ni mfinyu, kazia jaribio la tatu. Hapo ndipo uwanja wote unasimama, kwa sababu likishindikana, mara nyingi jaribio la nne ni kuupiga mpira mbali kwa mguu na kumwachia mpinzani.

Nikaja kwa Elijah Sarratt, namba 13, mdakaji. Kwotabeki, yaani yule anayerusha, alikuwa Kurtis Rourke, Mkanada aliyesajiliwa kutoka Ohio University. Rourke hakuwa na mbwembwe. Alikuwa anaachia mpira mapema, kabla Sarratt hajageuza kichwa, na ukifika Sarratt yupo. Baada ya msimu ilielezwa kwamba alicheza msimu ule akiwa na kano ya goti iliyochanika tangu Agosti. Nilipolisoma hilo nilirudia kuangalia mechi zake, na heshima yangu kwake ikaongezeka mara mbili.

Ushindi ukaanza kumiminika. Western Illinois 77-3, UCLA kwao Rose Bowl 42-13, Maryland 42-28, Nebraska 56-7. Katika mechi ya Nebraska Rourke akaumia kidole gumba, akaingia Tayven Jackson, na wiki iliyofuata yeye ndiye aliyeanza tukamfunga Washington 31-17. Mji ukabadilika. Miaka ya nyuma watu walikuwa wanakula nyama choma kwenye maegesho nje ya uwanja na wengi hawaingii ndani, au wanaondoka mapumziko. Msimu ule foleni ya kuingia ilinifanya nitoke nyumbani asubuhi. Ukiwahi utawaona wachezaji wanaingia upande wa kaskazini, kila mmoja anaweka kiganja juu ya jiwe kubwa la chokaa. Jiwe hilo liliwekwa na kocha Terry Hoeppner, aliyefariki mwaka 2007 kwa uvimbe wa ubongo. Huu ni mji wa machimbo ya mawe hayo. Hata jengo la Empire State la New York limevikwa jiwe la Indiana. Wachezaji wale wageni kutoka Virginia waliligusa kwa adabu ileile ya wenyeji, na mimi mgeni nilifarijika kuwaona.

Mechi iliyonipima ni ya Michigan, Novemba 9. Mapumziko tunaongoza 17-3, kipindi cha pili mashambulizi yetu yakakauka kabisa. Michigan wakasogea mpaka 17-15, na badala ya teke la pointi moja wakajaribu kuufikisha mpira mwisho tena wapate mbili za kusawazisha, wakazuiwa. Mwaka mmoja kabla yake nisingeelewa kwa nini watu wanalia. Sasa nilikuwa naona mwenyewe Mikail Kamara, naye wa James Madison, anavyompita beki kwa nje na kumlazimisha mrushaji aharakishe. Tukamaliza 20-15, ushindi wa 10 mfululizo, wa kwanza wa namna hiyo tangu 1887.

Ohio State wakatutandika 38-15 kwao. Tulianza kufunga sisi, lakini makosa ya kupiga mpira kwa mguu yakatumaliza: mpigaji wetu alishindwa kuudaka mpira kabla ya mapumziko, na kipindi cha pili Caleb Downs wao akaurudisha mwingine yadi 79 hadi mwisho. Wiki moja baadaye tukawafumua watani wa jadi, Purdue, 66-0. Wanagombania ndoo ya mbao iliyotoka shamba moja la kusini mwa jimbo, na tangu 1925 kila mshindi huongeza herufi yake kwenye mnyororo wa ndoo hiyo. Kwa mtu wa Simba na Yanga hapo hapahitaji mkalimani.

Desemba 20 tulifungua hatua ya mtoano ya timu 12, mfumo mpya mwaka huo, kule South Bend kwenye baridi kali dhidi ya Notre Dame. Mpira wa Rourke ukanaswa karibu na mstari wao, na muda mfupi baadaye Jeremiyah Love wao akakimbia yadi 98. Tukafungwa 27-17. Cignetti alilaumiwa sana kwa kupiga mpira mbali katika robo ya mwisho wakati tuko nyuma 20-3, na mimi niko upande wa waliomlaumu. Jaribio lile lilistahili kuchezwa. Lakini kelele kwamba Indiana haikuwa na hadhi ya kuwepo pale siikubali. Kati ya mechi 13 ilipoteza mbili, na waliotufunga, Ohio State na Notre Dame, ndio waliokutana kwenye fainali ya taifa kule Atlanta Januari 2025.

Kabla mwaka haujaisha alisajiliwa kwotabeki Fernando Mendoza kutoka Chuo Kikuu cha California. Fisher, Sarratt, Kamara na mlinzi D'Angelo Ponds, naye wa James Madison, wangeweza kuondoka, wakarudi kwa msimu mwingine. Mimi nikaandika jina kwa ajili ya tiketi za msimu, na yule kaka wa Nakuru nikamwandikisha pia.