Siku moja maishani mwangu: Jumamosi ya mechi nyuma ya goli, Melbourne

Saa 11 na nusu alfajiri. Alamu inalia, nje giza totoro, baridi ya Julai, maana huku Julai ndo katikati ya winta. Naswali, chai ya tangawizi, halafu laptopu. Kazi yangu ni kurekodi na kukata video za timu ya mpira wa Australia, mchezo tofauti na soka, sio zile klabu kubwa 18 za kwenye tivi, hii yetu ni ya mtaani huku magharibi mwa jiji, na Jumamosi ndo siku yangu ndefu kuliko zote.

Saa 1 asubuhi. Nachagua klipu sita za kikao. Kila klipu naianza sekunde tano kabla hatujapoteza mpira. Wachezaji wapya huwa wananiuliza kwa nini hivyo, jibu ni kwamba ukianzia pale mpira unapopotea umeshachelewa, kosa lenyewe limeshapita.

Kwa wenzangu mliokulia soka kama mimi wa Tanga, ngoja niwaeleze kidogo. Mpira wenyewe una umbo la yai, wachezaji 18 kila upande, uwanja ni duara refu ambalo linaweza kufika hata mita 185, na hakuna ofsaidi. Hakuna kabisa. Kwenye soka ukipoteza mpira mbele walau mabeki wako wanaweza kupandisha mstari wakamnasa mtu, hapa fowadi wa adui anaruhusiwa kusimama golini kwako muda wote anasubiri tu, halafu mpira unaweza kusafiri mita 50 kwa teke moja, na ukidakwa hewani kutoka teke la mita 15 au zaidi aliyedaka anapewa nafasi ya kupiga bila kusumbuliwa. Kwa hiyo kushambulia na kulinda huku haviachani, unashambulia huku nusu ya timu imeshasimama kama vile mpira umepotea.

Saa 3. Kikao na kocha. Leo kasisitiza ukuta. Tukiwa tunashambulia, mabeki na viungo wanapanda wanajipanga nyuma ya mpira kwa safu, kila mtu analinda eneo lake badala ya kumfuata mtu, adui akitaka kutoka inabidi apitie juu yetu au pembeni kabisa. Wazo hili la kulinda eneo sio la jana. Hawthorn, moja ya zile klabu kubwa, chini ya kocha Alastair Clarkson iliutumia sana mwaka 2008 ikachukua ubingwa mbele ya Geelong, watu wakauita klasta. Richmond nao wakabeba 2017, 2019 na 2020 na wao mimi ndo nawapenda zaidi, maana fowadi zao walikuwa wanakimbiza mabeki kama wamepagawa, mpira unaanguka palepale karibu na goli, goli. Yaani ulinzi wao ndo ulikuwa shambulizi lao.

Saa 5. Tuko uwanjani, upepo mkali unaelekea goli la upande wa reli. Nafunga kamera juu ya mlingoti nyuma ya goli. Kamera ya pembeni kama ya tivi inafuata mpira, inakuonyesha watu kumi tu, lakini ukiwa nyuma ya goli unaona wote 36, unaona nani katembea, nani kasimama mikono kiunoni. Kwa kazi yangu anayenivutia ni yule ambaye yuko mita 80 kutoka kwenye mpira.

Saa 8 mchana mechi inaanza. Kota (robo ya mechi) ya kwanza na ya pili safi, ukuta umesimama, wanapiga mbele tunadaka tunarudisha, wanapiga tena tunadaka. Napata hata muda wa kunywa supu.

Kota ya tatu ndo ikaharibika, na hapa naomba nieleze taratibu kwa sababu siku nzima imo ndani ya hizi sekunde kama kumi na tano. Tuna upepo, tunashambulia, kila mtu kanogewa, winga wetu wa upande wa mbali naye kaingia mbele kutafuta goli lake. Fowadi akapiga kwa haraka, mpira ukapita kando ya milingoti mirefu, hiyo ni pointi 1 badala ya 6. Na baada ya pointi 1 adui anaanzisha yeye kutoka golini kwake. Tangu sheria zibadilishwe mwaka 2019 mwanzishaji hahitaji tena kujipigia mpira kwanza, anaweza kuchomoka nao moja kwa moja, na anayemzuia anasimama mbali zaidi. Beki wao akachomoka hivyohivyo. Akapiga upande wa karibu, ukuta wetu wote ukahamia kule, akadaka mwenzake, akageuza mpira katikati, wa katikati akaupeleka upande wa mbali, ule upande mpana ambao winga wetu alikuwa ameuacha. Pale palikuwa na mtu wao mmoja anakimbia peke yake, jamani peke yake, uwanja mzima mbele. Akakimbia, akadundisha mpira chini mara mbili maana sheria inamtaka audundishe kila mita 15, akapiga kwa fowadi, goli. Sisi pointi 1, wao 6, shambulizi letu wenyewe ndo limezaa goli lao.

Redio ikaita, kocha anauliza, "Ilianzia wapi?" Nikamwambia kabla ya shuti, upande wa mbali tulikuwa hatuna mtu. Nikatuma klipu kwenye tableti ya benchi. Winga akatolewa, akakaa, akaiangalia mara tatu bila kusema kitu.

Tulipoteza mechi.

Saa 12 jioni. Watu wanakula soseji na mkate, mimi nakunja nyaya. Winga akanifuata, dogo wa miaka 19, wazazi wake wa Sudan Kusini, mamake aliishi Kakuma, kambi ya wakimbizi kule Kenya, miaka mingi kwa hiyo Kiswahili anacho. "Kaka, samahani kwa leo. Ningesimama wapi?" Sikumjibu kwa maneno, nikafungua video za Aliir Aliir. Huyu alizaliwa Kakuma kambini, leo ni beki wa Port Adelaide, na mwaka 2021 alichaguliwa kikosi bora cha msimu. Sifa yake kubwa ni kunasa mipira ya adui hewani na papohapo kuanzisha shambulizi. Nikamwambia dogo usiangalie akidaka, angalia anachofanya timu yake ikiwa na mpira mbele. Anarudi nyuma hatua mbili tatu, anageuza shingo, anahesabu watu. Mpira bado ni wa kwao na yeye ameshaanza kulinda. Dogo akasema, "Nipe tuangalie tena." Tukasimama pale kwenye baridi dakika arobaini hivi, mpaka wakazima taa za uwanja.

Saa 3 usiku. Nyumbani, wali na maharage, nakata video za Jumatatu. Kwenye kota ya nne dogo alirudishwa uwanjani, na nimekuta kitu ambacho mtu wa jukwaani asingekiona. Tunashambulia, mpira uko upande wa karibu, na yeye peke yake upande wa mbali anakimbia kurudi nyuma, kama mita 60. Mpira ukapotea kweli, beki wao akainua kichwa atafute upande mpana, akamuona dogo kashafika, akaghairi, akapiga mpira mrefu wa kubahatisha, tukaunasa. Dogo hakuugusa mpira hata mara moja.

Nimeiweka hiyo iwe klipu ya kwanza Jumatatu. Nimemtumia na yeye sasa hivi, tiki zimeshakuwa mbili za bluu.