Mama na Daktari wa Usingizi

Goita ya mama ilikuwa na umri sawa na mdogo wangu wa mwisho, na kule Pangani hakuna aliyeishangaa tena. Tatizo lilianza alipokuwa hawezi kulala chali bila kubanwa na pumzi. Daktari wa upasuaji hapa Dar akasema itoke, akatuandikia vipimo: wingi wa damu, kundi la damu, sukari, figo, eksirei ya shingo na homoni za tezi. Hizo homoni alizikazania, maana zikiwa juu moyo unaweza kwenda mbio za hatari mgonjwa akiwa mezani, kwa hiyo hushushwa kwanza kwa dawa. Za mama zilikuwa sawa. Ukabaki mlango mmoja, wa daktari wa usingizi.

Tukamkuta kijana kabisa, kajisitiri nyuma ya pazia.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu.”

Akamwambia apanue kinywa, atoe ulimi, ainue uso atazame dari. Akamulika tochi. Kadiri koo linavyoonekana, alisema, ndivyo anavyojua kama mpira wa kupumulia utapita kwa urahisi, na kwa mwenye goita hilo si la kubahatisha. Eksirei nayo aliitazama sana, kuona kama koromeo limesukumwa upande.

“Meno yote yako, bibi?”

Mama akaingiza vidole, akachomoa jino la mbele, akaliweka kiganjani. Umri wote huu sikujua kuwa lile ni la bandia! Daktari akamweleza kuwa siku ya upasuaji alivue, kwani likichomoka usingizini laweza kuishia mapafuni.

Nesi akambana kidole na kile kibanio cha kupima oksijeni. Namba ikawa inacheza tu. Mama alikuwa ametoka harusini, kucha zimekolea piko nyeusi tititi, na mwanga wa kipimo haukupenya. Nesi hakubishana nayo, akahamishia sikioni: 97.

Presha ndiyo iliyotuangusha: 192 kwa 114. Wakarudia baada ya kupumzika, ikawa ile ile.

“Dawa unakunywa?”

“Nakunywa.”

“Mara ya mwisho lini?”

Mama akanitazama mimi. Daktari akaniomba nikamnunulie bibi maji ya kunywa. Nikatoka, ila pazia halizibi maneno. Nikasikia kwamba vile vidonge vinamkojoza usiku kucha, kwa hiyo aliviacha, anameza kitunguu saumu kila asubuhi. Na ile hela ya dawa ninayotuma inaingia kwenye mchezo wa kina mama wa mtaani, na zamu yake ya kupokea imekaribia.

Nimeona waganga ambao wangemfokea mbele ya benchi zima. Huyu alimweleza polepole kwamba presha ya namna hiyo, ndani ya usingizi, hupanda na kuporomoka, na wanaoumia ni moyo na ubongo. Kitunguu cha kuungia mchuzi hakina neno, lakini cha kumeza kama dawa akiache, kinaweza kuzidisha damu kutoka. Akambadilishia kidonge, upasuaji ukasogezwa mbele. Kwenye daladala hadi Mbagala mama hakunisemesha, kana kwamba presha ni yangu.

Tuliporudi ilisoma 146 kwa 88. Maelekezo yakawa mafupi. Chakula mwisho usiku, na chai ya maziwa ihesabiwe chakula. Maji matupu ruksa, mwisho zikibaki saa mbili aingie chumba cha upasuaji. Kidonge kipya cha presha akimeze alfajiri kwa funda moja.

“Una swali, bibi?”

Akanikata jicho, kisha akainama kwa daktari. “Nikishapigwa hiyo nusukaputi, nitasema maneno?”

Yule kijana alijikaza asicheke. “Bibi, utakuwa na mpira kooni, hata ukitaka hutaweza. Labda kidogo wakati wa kuamka, na hapo tunakuwa sisi tu. Wanao hawaingii.”

“Basi lete karatasi nitie saini.”

Goita ilitoka Jumatano. Jioni niliporuhusiwa wodini, sauti ikiwa bado imemkauka, hakuuliza habari ya shingo. Aliuliza jino lake nimeliweka wapi, maana wageni wanakuja.