Msimbo Hautaji Kipuri cha Kununua

Mafundi magari wengi siku hizi wana mashine ya kusomea misimbo ya hitilafu, na hilo ni jambo jema, lakini mashine hiyo imezaa tabia inayowagharimu wateja fedha nyingi. Taa ya injini inawaka, mashine inachomekwa, msimbo unasomeka, na sensa iliyotajwa na msimbo huo ndiyo inayoandikwa kwenye orodha ya vipuri vya kununua. Chukua P0171. Msimbo huo unasema tu kwamba kompyuta imeona mchanganyiko wa hewa na petroli katika upande wa kwanza wa injini una petroli haba kuliko inavyotakiwa. Haujasema kwamba sensa ya oksijeni imekufa. Sensa hiyo ndiyo iliyoleta taarifa, na mara nyingi taarifa yake ni ya kweli. Kumfukuza mleta habari hakuzibi bomba la hewa lililopasuka.

Inafaa kukumbuka misimbo hii ilitokea wapi. Mfumo wa kujichunguza wa gari wa kizazi cha pili, ule wenye tundu la pini 16 chini ya dashibodi, ulikuwa wa lazima kwa magari mapya nchini Marekani kuanzia modeli za mwaka 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Kilichotafutwa hasa kilikuwa kudhibiti moshi unaochafua hewa, na ndiyo maana misimbo mingi inaeleza athari iliyoonekana kwenye moshi au kwenye mchanganyiko, bila kueleza chanzo chake. P0420 nayo inasema katalisti haisafishi moshi kwa kiwango kinachotakiwa. Haielezi kama imechakaa kwa umri, kama imeunguzwa na petroli iliyopita bila kuchomwa kutoka kwenye silinda inayomisi, yaani isiyochoma petroli yake sawasawa, au kama ekzosi inavuja karibu na sensa na kuingiza hewa ya nje. Fundi anayefunga katalisti mpya huku silinda bado inamisi anaipeleka hiyo mpya kuungua kama ilivyoungua ya kwanza.

Kabla ya kuchomeka chochote, mimi huanza na dereva. Namuuliza tatizo lilianza lini, hutokea injini ikiwa ya baridi au ya moto, gari likiwa limesimama au likipanda mlima, na zaidi ya yote namuuliza gari lilifanyiwa kazi gani mara ya mwisho. Swali hilo la mwisho wengi hulipuuza, ilhali hitilafu nyingi huzaliwa siku ileile ambayo mtu mwingine alifungua kitu na kusahau kurudisha kiunganishi au kubana klipu ya bomba. Kisha namwomba aendeshe yeye, nami nikae pembeni nisikilize, kwa sababu sauti anayoilalamikia huenda isiwe ile nitakayoisikia mimi nikiendesha kwa mtindo wangu. Ndipo nasoma misimbo yote na kuiandika pamoja na takwimu ambazo kompyuta ilihifadhi wakati hitilafu ilipojitokeza, yaani joto la injini, mwendo wa gari, mizunguko ya injini na mzigo wake. Wapo wanaofuta misimbo kwanza kabisa ili waone kama itarudi, na kwa kufanya hivyo wanafuta takwimu hizo ambazo zingewaonyesha mahali pa kuanzia.

Kipimo cha kwanza, hata kama malalamiko hayahusu umeme, ni volti za betri. Betri nzima iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki na karibu nusu ya chaji, na ikisoma 12.0 au chini yake haifai kutumika kama msingi wa uchunguzi wowote. Injini ikiwaka, alterneta inapaswa kupandisha volti hadi kati ya 13.8 na 14.7 katika magari mengi, ingawa baadhi ya magari mapya yana alterneta inayoamriwa na kompyuta na inaweza kushusha volti kwa makusudi ili kuokoa mafuta. Wakati wa kupiga stata, volti zisishuke chini ya 9.6 katika hali ya joto la kawaida. Kompyuta za gari zikikosa volti za kutosha huandika misimbo ya ajabu ya sensa, ya breki za ABS, hata ya usukani wa umeme, na fundi asiyejua hilo atahangaika siku nzima na mambo ambayo betri tu ndiyo iliyoyaleta.

Sasa niseme juu ya upotevu wa volti, kwa sababu naona ndicho kipimo chenye faida kubwa kuliko vyote na ndicho kinachotumiwa kidogo kuliko vyote. Gari limeletwa, stata inazunguka kwa uvivu, betri imepimwa ni nzima. Mafundi wengi hapo wanaishusha stata. Wengine, waliofundishwa vizuri kidogo, wanapima waya wa athi, ule unaounganisha hasi ya betri na bodi na injini, kwa omu, yaani kipimo cha ukinzani, wanasoma karibu na sifuri, wanauachia. Lakini multimita, kifaa cha kupimia volti, ampea na omu, inapopima omu hupitisha mkondo mdogo mno, na waya mnene uliokatika nyuzi zake zote isipokuwa chache bado utaonekana mzima kwa mkondo huo. Stata ya injini ndogo ya petroli hutaka ampea 100 hadi 200. Ukizidisha ampea 150 kwa ukinzani wa omu 0.01 tu, ambao multimita ya kawaida haiwezi kuupima kwa uhakika, unapata volti 1.5 zilizopotea njiani kabla hazijafika kwenye stata.

Namna ya kupima ni rahisi na haifungui nati hata moja. Weka multimita kwenye volti za mkondo mnyoofu. Ncha moja iguse nguzo yenyewe ya hasi ya betri, yaani risasi ya katikati, wala si kile chuma cha waya kinachoishika, kwa kuwa huenda ubovu uko hapo kati ya viwili hivyo. Ncha ya pili iguse bloku ya injini mahali palipokwanguliwa rangi na uchafu. Zuia injini isiwake, kisha mtu apige stata kwa sekunde chache huku ukisoma. Usomaji wa volti 0.2 au pungufu unakubalika, ukiona 0.8, athi ni mbovu na stata haina kosa. Baada ya hapo hamia upande wa chanya, kutoka nguzo ya chanya ya betri hadi kwenye boliti kubwa ya stata, ambako naruhusu hadi volti 0.5. Ukishaupata upande wenye ubovu, sogeza ncha hatua kwa hatua: kutoka nguzo hadi chuma kinachoishika, kutoka chuma hadi waya, kutoka waya hadi boliti iliyoufunga kwenye bodi. Mahali ambapo usomaji unaruka ghafla ndipo pa kusafisha. Kipimo hikihiki kinafaa kwa taa zilizofifia, pampu ya petroli inayozunguka polepole, na feni ya rejeta isiyo na nguvu, ili mradi kifaa kiwe kinafanya kazi wakati unapima, kwa maana pasipo mkondo hakuna upotevu wa kuuona.

Betri inayoisha usiku gari likiwa limeegeshwa ni kesi jirani. Magari mengi hutumia miliampea 20 hadi 50 baada ya kompyuta zake kulala, na kulala huko kunaweza kuchukua nusu saa au zaidi, hivyo anayepima dakika mbili baada ya kuzima injini atapata usomaji mkubwa usio na maana. Balbu moja ya buti iliyobaki inawaka hula takriban ampea 0.4, ambazo kwa siku nzima ni karibu ampea-saa 10, na betri ya ampea-saa 60 haitavumilia siku nyingi. Watu wamezoea kuchomoa fyuzi moja baada ya nyingine huku wakiangalia ampea. Njia hiyo huamsha kompyuta zilizolala na kuvuruga kipimo. Afadhali kuacha fyuzi mahali pake na kupima milivolti juu ya mgongo wa kila fyuzi, pale penye vidoa viwili vya chuma vilivyo wazi. Fyuzi isiyopitisha mkondo husoma sifuri, na ile yenye usomaji ndiyo yenye mzunguko unaokula betri.

Nirudi kwenye P0171, maana msimbo huu unaonyesha vizuri jinsi takwimu zinavyoweza kusema mahali ambapo msimbo unanyamaza. Kompyuta huongeza au kupunguza petroli ili kuufikisha mchanganyiko karibu na sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli kwa uzito, na kiasi cha marekebisho hayo huonekana kwenye mashine kama asilimia, ya muda mfupi na ya muda mrefu. Mimi hujumlisha mbili hizo. Tuseme injini ikiunguruma bila kukanyagwa jumla ni asilimia 22 za kuongeza, na ukipiga resi hadi mizunguko 2,500 kwa dakika jumla inashuka hadi 4. Hapo kuna hewa inayoingia baada ya sensa ya kupima hewa. Tundu lina ukubwa uleule wakati wote, lakini injini isipokanyagwa huvuta hewa kidogo na mvuto ndani ya manifoldi, yaani bomba linalogawa hewa kwa silinda, ni mkali, hivyo hewa ya wizi inakuwa sehemu kubwa ya hewa yote; throto, yaani mlango wa hewa ya injini, ikifunguka, hewa halali inakuwa nyingi na ile ya wizi inakuwa si kitu. Mashine ya moshi, inayopuliza moshi ndani ya mabomba ili uvujaji uonekane, au hata sikio lililozoea, itaonyesha gasketi au mpira uliopasuka.

Kinyume chake, marekebisho yakiwa madogo injini ikiunguruma na yakapanda kadiri mzigo unavyoongezeka, basi petroli haifiki ya kutosha, kwa pampu iliyochoka au chujio lililoziba, au sensa ya hewa imechafuka na inatoa hesabu pungufu. Pima shinikizo la petroli gari likiwa kwenye mzigo. Shinikizo zuri la gari lililosimama halithibitishi chochote. Tahadhari moja: maelezo haya yanahusu injini zenye sensa inayopima wingi wa hewa inayoingia. Zile zinazokadiria hewa kwa shinikizo la ndani ya manifoldi huihesabu hewa ya wizi pamoja na halali, na dalili yake mara nyingi ni injini kuunguruma kwa kasi kuliko kawaida.

Silinda inayomisi haihitaji maneno mengi. Msimbo ukiwa P0302, yaani silinda ya pili inamisi, hamisha koili inayozalisha umeme wa cheche ya silinda hiyo iende ya tatu na utazame kama msimbo utageuka kuwa P0303. Ukihama, koili ndiyo. Usipohama, fanya hivyo kwa plagi, kisha angalia nozeli, na mwisho pima kompresheni, yaani shinikizo ndani ya silinda, huku plagi zote zimetolewa, petroli na cheche zimezuiwa, na throto iko wazi kabisa. Silinda yenye usomaji wa chini ya robo tatu ya ile ya juu ina tatizo. Dondosha oili kidogo ndani yake na upime tena: usomaji ukipanda sana, ringi zimechakaa, usipopanda, fikiria vali au gasketi ya hedi.

Wapo wanaoona sevisi kuwa kazi ya mwanafunzi, ilhali hakuna wakati ambapo gari linajieleza kwa uwazi kuliko wakati wa sevisi. Pedi ya breki ya ndani imekwisha na ya nje bado nene: pini ambazo kalipa huteleza juu yake zimekwama, na kubadilisha pedi bila kuzisafisha na kuzipaka grisi yake ni kumwita mteja arudi. Tairi limelika kingo zote mbili, upepo ulikuwa mdogo. Limelika upande wa ndani tu, jiometri ya magurudumu imepotea. Utando wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili huenda ukawa unyevu wa safari fupi tu, lakini ukiukuta kwenye kijiti cha kupimia oili pia, na maji ya rejeta yanapungua, usimruhusu mteja aondoke bila kupima shinikizo la mfumo wa kupooza. Mafuta ya breki nayo hufyonza unyevu polepole: ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho huweza kushuka hadi 155, na ndiyo sababu watengenezaji wengi wa magari wanataka yabadilishwe takriban kila baada ya miaka miwili hata kama gari halikutembea.

Kazi ikishakamilika narudia kipimo kilekile kilichonionyesha ubovu. Kama marekebisho ya petroli yalikuwa asilimia 22, nataka kuyaona yakiwa karibu na sifuri, injini ikiwa ya moto na baada ya safari halisi, kwani taa kuzimika baada ya kufuta msimbo haithibitishi lolote. Kufuta huko pia hurudisha nyuma majaribio ambayo kompyuta hujifanyia yenyewe, na hadi yakamilike mashine itaonyesha kuwa gari haliko tayari kwa ukaguzi wa moshi. Jaribio la katalisti huhitaji mwendo wa utulivu barabarani, na lile la mvuke wa petroli katika magari mengi halianzi ikiwa tenki limejaa sana au limekaribia kuisha. Mteja aelezwe hayo wakati anapokabidhiwa ufunguo, hasa akiwa na ukaguzi wiki hiyohiyo.