Nondo mwenye fuvu mgongoni: nilivyomwona Tabora katikati ya kiangazi

Waliojifanya wajuzi waliniambia nisijinyime usingizi bure kumsaka nondo huyu, kwani hapa Tabora nondo wakubwa hutoka mvua zinapoanza Novemba, na mwezi Agosti bustanini ningeambulia mbu tu. Mmoja wao, anayedai kusomea wadudu, alinishauri nitundike shuka jeupe na kulimulika kwa taa kali. Nikatundika. Upepo wa kiangazi ukalibeba hadi likafunika mabilinganya, taa ya manjano niliyouziwa kwa fedha isiyo haba haikuvuta mdudu wa maana, kwa kuwa nondo hufuata zaidi mwanga wa buluu na urujuani, na mama mwenye nyumba akatoka na fimbo akidhani ameingia mwizi wa kuku.

Mwizi niliyemtaka ni wa asali, yaani nondo huyo mwenye fuvu. Mzee mmoja mrina asali wa Sikonge alinieleza: "Huyo tunamfahamu, mwanangu, huingia mzingani usiku, na ukimshika hulia kama panya." Wataalamu humwita Acherontia atropos. Mrija wake wa kunyonyea ni mfupi na mgumu, wa kutobolea nta, na mwili wake hutoa harufu inayofanana na ya nyuki.

Basi nikachukua masega yaliyokwisha kukamuliwa, nikayaponda pamoja na ndizi zilizoiva hadi kuwa nyeusi, nikatia sukari na pombe kidogo ya mtama, nikafunika mpaka mchanganyiko ukatoa povu na harufu ambayo majirani hawakuificha kuwakera. Jioni niliupaka kwenye shina la mwembe, usawa wa kifua. Sisimizi wangeumaliza kabla ya isha, ila chini yake nilizungushia kitambaa kilicholowa mafuta machafu ya gari, na hakuna aliyevuka. Tochi niliifunika nailoni nyekundu, kwa kuwa nondo hawashtuliwi sana na mwanga huo.

Alikuja usiku usio na mbalamwezi: mpana kuliko kiganja, tumbo la manjano lenye mistari myeusi, na fuvu limechorwa mgongoni waziwazi. Nilipomgusa akalia kweli, sauti nyembamba itokayo kwenye mrija.

Viwavi wake hula majani ya jamii ya tumbaku, viazi mviringo, nyanya na mabilinganya. Mashamba ya tumbaku yalikuwa yamekwisha kuvunwa zamani, lakini mabilinganya yetu humwagiliwa kila jioni. Asubuhi nikakagua majani, nikakuta vinyesi vikubwa vyeusi, na juu yake kiwavi wa manjano, unene wa kidole gumba, mwenye pembe iliyopinda mkiani. Shina hilo nimemwachia, na mama mwenye nyumba bado sijamweleza.