Nani anakuja?

Mpira wa Kimarekani nilifundishwa kwa vichupa vya chumvi. Ilikuwa Iraki, mwanzoni mwa 2009, katika bwalo la kambi moja ya Wamarekani ambako sisi Waganda tulilinda mageti na minara. Palikuwa na sajenti mmoja, mtu mzima, mwenyeji wa Chicago. Akishamaliza kula anasukuma trei pembeni, anapanga vichupa vitano vya chumvi mstari mmoja, na nyuma yake anasimamisha chupa ya pilipili. Pilipili ndiye kwotabeki, anayepokea mpira na kuutupa. Chumvi ni yale majitu matano yanayomkinga. Upande wa pili anapanga pakiti nane za tomato, zimebanana, zinakaribia kugusa chumvi. "Hesabu," ananiambia. Nahesabu. "Sasa niambie huyu anapona vipi."

Hiyo ndiyo blitzi. Kwa kawaida ulinzi hutuma watu wanne kumfuata kwotabeki, na saba wanabaki kuwachunga wapokeaji. Ukituma watano au zaidi, umepiga blitzi. Asili ya neno ni Kijerumani na maana yake umeme, ule wa radi, na linafaa. Ila kila unayemtuma mbele umemtoa nyuma. Hilo sikuhitaji kufundishwa na mtu. Ukiwa na askari tisa zamu ya usiku, ukamtoa wa mnara wa kaskazini aongeze nguvu getini, basi kaskazini hakuna mtu, na wewe mkuu wa zamu unaomba Mungu adui asilijue hilo mpaka utakapomrudisha.

Naandika haya kwa sababu ya mpwa wangu. Siku hizi niko Arua, mtaa wa Oli, nauza spea za bodaboda, na kijana ananisaidia dukani. Jumapili tukishafunga tunawasha kompyuta juu ya kaunta. Mechi za kwanza huanza saa mbili usiku kwa saa zetu, na Wamarekani wakirudisha saa zao nyuma mwezi wa Novemba, zinakuwa saa tatu. Kijana ameujua mchezo huu kupitia kwangu, lakini ameshanipita kwa kufuatilia, na ana neno lake moja ambalo limenikaa kooni tangu msimu uliopita: "Mjomba, wazee wenu walikuwa wanakimbilia tu. Akili imekuja sasa."

Basi nianze na mzee mwenyewe.

Buddy Ryan alikuwa mratibu wa ulinzi, yaani kocha anayepanga ulinzi, wa Chicago Bears kuanzia 1978 hadi 1985. Kabla ya hapo alikuwa sajenti katika vita vya Korea, na aliwahi kuwa kocha msaidizi wa New York Jets waliotwaa Super Bowl, fainali ya ligi, ile ya tatu, wakiwa na kwotabeki Joe Namath. Pale Jets aliona timu nzima inavyohangaika Namath asiguswe, akawaza upande wa pili: kama kumlinda huyu mtu mmoja ndiyo kazi kubwa hivi, kumpiga ndiyo ushindi. Ulinzi wake ukaitwa 46. Wengi hudhani ni hesabu ya wachezaji, lakini 46 ilikuwa jezi ya Doug Plank, beki wa nyuma mgumu, na Ryan alikuwa na mazoea ya kuwaita wachezaji kwa namba zao. Plank mwenyewe alikuwa ameshaondoka Bears miaka michache kabla ya utukufu ule wa 1985, ila namba yake ikabaki.

Sasa tazama mpangilio. Wachezaji wanane karibu na mstari. Watatu wanasimama uso kwa uso na wale chumvi watatu wa katikati, ili wasipate nafasi ya kusaidiana. Lainibeka wawili, ambao kwa kawaida husimama hatua chache nyuma ya mstari, wanajazana upande mmoja. Si lazima wanane wote waje, lakini wanaweza, na kwotabeki ana sekunde zisizofika tatu za kuamua. Nyuma wamebaki watu wachache, wanakaba mtu kwa mtu, kila mmoja na wake. Ryan hakuficha nia. Alikwambia tunakuja, tuko wengi kuliko walinzi wako, tupa mpira kama utaweza.

Katika Super Bowl ya ishirini, Januari 26, 1986, mjini New Orleans, New England Patriots hawakuweza. Kwotabeki wao Tony Eason alitupa mara sita, hakuna hata pasi moja iliyofika, wakamtoa. Kwa kukimbia na mpira, Patriots wakapata yadi 7 mchezo mzima. Kwotabeki wao waliangushwa na mpira mkononi mara saba. Matokeo 46 kwa 10, na wachezaji wakambeba Ryan mabegani. Sajenti wangu alikuwa anafika hapo anapunguza sauti, kama mtu anayesimulia habari za baba yake.

Kijana akisikia hayo hunijibu kwa neno moja: Miami. Na kweli, hiyo ndiyo doa. Bears walishinda mechi 15 za msimu ule na kupoteza moja, Desemba 2, 1985, dhidi ya Miami Dolphins, 38 kwa 24. Dan Marino alikuwa na mkono mwepesi mno. Mpira ukimgusa umeshatoka. Dolphins wakaweka wapokeaji watatu uwanjani, na mmoja wao, Nat Moore, akajikuta anachungwa na lainibeka, mtu aliyeumbwa kwa kugonga, si kwa kufukuzana na wapokeaji. Ule mnara wa kaskazini. Marino aliuona hauna mtu.

Nikiwaza vizuri, nusu ya yaliyokuja baadaye yamo ndani ya usiku ule. Tangu 1978 sheria zilikuwa zimebadilika: beki haruhusiwi tena kumsukumasukuma mpokeaji akishapita yadi 5, na chumvi wakaruhusiwa kunyoosha mikono wanapokinga. Pasi zikapata uhai. Timu zikaanza kutandaza wapokeaji watatu, wanne, na kila mpokeaji aliyetandazwa anamvuta mtu mmoja atoke kwenye lile kundi la wanane. Nguvu ya Ryan ilikuwa msongamano. Ukiutawanya msongamano, inabaki mbio tu.

Lakini sikubali kwamba akili imekuja na vijana. Kuna mzee mwingine, na huyu ndiye ninayemtetea hadi sauti inanikauka.

Dick LeBeau alicheza konabeki, yaani beki wa pembeni anayekaba wapokeaji, Detroit Lions na kunyakua pasi 62 za wapinzani katika maisha yake ya uchezaji. Mtu aliyekaa nyuma peke yake miaka yote hiyo anajua uchungu wa kuachwa mtupu. Alipokuwa mratibu wa ulinzi wa Cincinnati Bengals miaka ya 1980, alimwendea mkongwe Bill Arnsparger, na kutoka kwake akapata wazo la presha isiyo na hatari. Humo ikazaliwa blitzi ya zoni. Unamtuma lainibeka au beki aliyekuwa nyuma, na wakati huohuo mmoja wa majitu ya mbele, ambaye kila mtu anajua kazi yake ni kumvamia kwotabeki, anarudi nyuma kuchunga eneo. Waliokuja ni watano, waliobaki ni sita, lakini si wale uliowatazamia. Kwotabeki anaona blitzi inatoka kushoto, anatupa haraka pale ilipotoka, mahali panapopaswa kuwa wazi, na hapo anamkuta mtu wa kilo mia na ushee amesimama anamngoja.

Niliona kitu cha namna hiyo kwa macho yangu, na ndiyo maana sikusahau mchezo huu. Super Bowl ya 43, Februari 2009. Kule Marekani ni jioni ya Jumapili. Iraki, kama huku kwetu, ni saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu. Zamu yangu iliisha saa sita, nikaoga, nikaenda bwaloni na koti la baridi. Waganda tulikuwa watatu, nyuma kabisa, karibu na birika la kahawa. Pittsburgh Steelers, LeBeau akiwa mratibu wao wa ulinzi, wanaongoza 10 kwa 7. Arizona Cardinals wamefika mlangoni kabisa, zimebaki sekunde chache kabla ya mapumziko. Kwotabeki wao ni Kurt Warner. Kwenye ncha ya mstari wa Steelers amesimama James Harrison, namba 92, mvamizi, na aliyepangwa kuja ndiye yeye. Mpira ukaanzishwa. Harrison akapiga hatua kama anakuja, halafu akaacha, akateleza kuingia ndani. Warner hakumwona. Akatupa, na mpira ukaingia kifuani mwa Harrison kwenye mstari wa goli lake. Akaanza kukimbia. Mtu mzito vile, yadi 100, anasukumwa, anayumba, wenzake wanamfagilia njia, muda umeisha lakini mchezo haujafa, na akaangukia ndani ya eneo la mwisho, ambako ndiko goli, akalala chali haamki. Bwalo lilikuwa linapiga kelele kama sokoni. Sajenti wa Chicago hakuwa mshabiki wa Pittsburgh, lakini alinishika bega akanitikisa: "Umeona? Umeona alivyodanganya?" Steelers wakashinda 27 kwa 23.

Kurudi nyuma pale ulikuwa uamuzi wa Harrison mwenyewe. LeBeau alikuwa amemwagiza aende mbele. Lakini mvamizi hawezi kupata wazo la kurudi nyuma kama hajazoezwa miaka kwamba kurudi ni sehemu ya kazi yake. Mchezaji wa Ryan asingerudi.

Wa tatu nimpitie haraka: Jim Johnson wa Philadelphia Eagles, mratibu wao kuanzia 1999 hadi ugonjwa ulipomtoa, alifariki 2009. Yeye alipenda kuwapitisha watu katikati, kwenye mianya ya pande mbili za mwanzishaji mpira. Mwanafunzi wake Steve Spagnuolo bado yumo, Kansas City Chiefs, na katika Super Bowl ya Februari 2024 alimtuma konabeki Trent McDuffie dakika za mwisho za robo ya nne. McDuffie akafika bila kuguswa, akaipiga pasi ya Brock Purdy kwa mkono. Chiefs wakashinda 25 kwa 22 katika muda wa nyongeza. Uzee na ujana vimo ndani ya mtu mmoja hapo, wala sioni haja ya kuvitenganisha.

Anayempagawisha kijana wangu ni Brian Flores wa Minnesota Vikings. Na ninakiri, kumtazama ni raha. Anasimamisha watu sita, wakati mwingine zaidi, kwenye mstari, kama Ryan kabisa. Mpira ukianza, pengine wote wanakuja. Pengine wanakuja watatu na wanane wanatawanyika nyuma. Sura ni ileile, mara hii na mara ijayo. Kwotabeki amezoea kuhesabu vichwa kabla ya kuanza, na Flores amemharibia hesabu. Mike Macdonald naye, tangu alipokuwa Baltimore Ravens, amejijengea jina kwa kutuma wanne tu, ila mmoja wa wanne hao anatoka mahali ambapo hukumtegemea, huku jitu la mbele likirudi nyuma. Vitisho vya blitzi kwa bei ya ulinzi wa kawaida. Hapo ndipo ninapompiga kijana kiwiko: "Mwone anavyorudi nyuma yule! Huyo ni mjukuu wa LeBeau."

Ninachokiona mimi ni hiki. Ryan alimwogopesha kwotabeki kwa wingi wa watu. LeBeau akagundua kwamba shaka inaumiza kuliko wingi. Hawa wa leo wamechukua sura ya Ryan wakaijaza roho ya LeBeau.

Na anayebaki na sura ya Ryan bila ile roho anaumia. Desemba 2020, New York Jets walikuwa wanaongoza Las Vegas Raiders, sekunde 13 zimebaki, Raiders wako yadi 46 kutoka golini. Mratibu Gregg Williams akatuma jeshi, nyuma mtu kwa mtu bila msaada. Derek Carr akatupa ndefu, Henry Ruggs amempita beki wake, goli, 31 kwa 28. Kesho yake Williams alifukuzwa kazi. Nilimwonea huruma yule beki kijana aliyeachwa peke yake. Mimi nimewahi kuachwa peke yangu mnarani usiku, na najua mtu anavyosikia kila kitu.

Kisha ikaja Februari 2025, ambayo imetunyamazisha wote wawili. Super Bowl ya 59, New Orleans, ukumbi uleule ambamo Ryan alibebwa mabegani miaka 39 iliyotangulia. Vic Fangio, mzee kuliko makocha wengi waliopo, aliuongoza ulinzi wa Eagles dhidi ya Patrick Mahomes. Hakupiga blitzi hata moja. Sifuri. Wanne wakaenda, saba wakakaa, mchezo mzima, na Mahomes akaangushwa mara sita. Eagles 40, Chiefs 22.

Jumapili iliyopita tulipofunga duka nilimwaga vizibo vya soda juu ya kaunta. Nikampa kijana upande wa kwotabeki, nikasimamisha vizibo sita kwenye mstari. "Niambie nani anakuja." Akaonyesha wawili, nikawarudisha hao wawili nyuma na kumtuma wa pembeni kabisa. Mara tatu mfululizo nilimkamata. Ndipo akasema tubadilishane. Akaweka vinne mbele, saba nyuma, hakuficha chochote.

"Hawa wanne wanakuja, Mjomba. Tupa."

Nikakitazama kila kizibo. Vilikuwa vimetanda kaunta nzima, kuanzia kwenye mizani hadi kwenye boksi la plagi, na vinne vile kijana alikuwa tayari anavisogeza kwa kidole, polepole, kuelekea kwangu.